Ufunguo Mkononi, Bima kwa Nani?

Nyinyi vijana wa Kariakoo mmefunga biashara mapema mkavuka Lumumba kuja hapa Anatoglo.

Nimeombwa nijibu swali moja, na nitalijibu mwanzoni ili mwenye haraka ya kuwahi mwendokasi pale Gerezani aondoke na kitu. Mtu kanunua gari, leo analichukua. Nani mwenye wajibu wa kuhakikisha lina bima, aliyeuza au aliyenunua? Sheria yetu haikuligawa jambo hivyo. Haikuuliza gari ni la nani. Imeuliza nani analiendesha barabarani, nani kamtuma, na nani kamruhusu. Inaweza kuwashika wote watatu kwa safari moja.

Ninayoisema ni Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, tuliyoirithi kutoka Tanganyika ya Waingereza. Kwa maneno yangu, inakataza mtu kutumia gari barabarani, au kusababisha au kuruhusu mwingine alitumie, kama hakuna bima iliyo hai ya kuwafidia watu watakaouawa au kuumizwa na gari hilo. Gari la Serikali limesamehewa. Langu na lako hayakusamehewa. Waingereza wenyewe waliilazimisha bima ya namna hii mwaka 1930, na Japani, ambako magari yetu mengi yanatoka, walipata sheria yao mwaka 1955. Kote huko aliyelengwa ni yule aliye nje ya gari, asiyemfahamu mwenye gari na asiyewahi kutia sahihi karatasi yoyote ya bima.

Mtu huyo hapa kwetu tunamwona kila siku. Gari likitoka bandarini linaingia Barabara ya Kilwa, linapita Bendera Tatu, linagusa Gerezani, na kabla dereva hajazoea breki zake yuko Msimbazi katikati ya maguta, mikokoteni, bajaji na wachukuzi wenye marobota kichwani. Ni mwendo mfupi mno. Ndiyo maana watu wanadharau: "Nalifikisha tu nyumbani, kesho nakata bima." Nadhani hakuna safari ya hatari kama hiyo. Dereva halijui gari, gari limekaa wiki kadhaa melini na yadi, matairi hayajapimwa upepo, na barabara yenyewe ndiyo yenye watu wengi kuliko zote mjini. Kama kuna siku moja katika maisha ya gari ambayo bima isikosekane, ni hiyo.

Sasa tuyatazame maneno matatu ya sheria, maana humo ndimo ugomvi wote ulimo.

Anayetumia ni rahisi kumjua, ni aliyeshika usukani. Hata kama ni dereva wa kukodi uliyempata getini, aliyelipwa hela ya kutoa gari bandarini tu, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa na trafiki. Madereva mliopo humu mlijue hilo. "Gari si langu" si utetezi. Uliza stika ya bima kabla ya kuuliza mafuta.

Anayesababisha ni aliyetuma. Mnunuzi yuko ofisini Posta, anampigia dereva: nenda kalichukue ulilete. Hajagusa usukani, lakini safari ni yake.

Anayeruhusu ndiye mgumu, na hapa ndipo wenye yadi wanapopenda kupenya. Anayeweza kuruhusu ni mwenye mamlaka juu ya gari. Muuzaji anapokuwa bado na gari lake na kumpa mteja alijaribu hadi mzunguko wa Msimbazi na kurudi, anaruhusu yeye, hakuna mwingine. Bima ya jaribio hilo ni juu yake. Muuzaji akiahidi kukuletea gari mlangoni kwa dereva wake, mpaka linafika kwako safari ni yake. Lakini akishakuuzia, ukalipa yote, akakukabidhi kadi ya gari na ufunguo, mamlaka yamehama. Ukilitoa mwenyewe getini, ni vigumu kusema yeye ndiye aliyekuruhusu, kwa sababu hana tena cha kukuruhusu wala kukukataza.

Ingekuwa mauziano yetu yanafanyika kwa namna hiyo safi, mhadhara huu ungeishia hapa. Lakini nani humu amenunua gari Dar es Salaam kwa siku moja, kwa malipo ya mara moja, kwa kadi moja? Mteja anatanguliza kiasi, anaahidi kumalizia mwisho wa mwezi. Kadi bado ina jina la mtu wa tatu ambaye naye aliliuza kwa mkono bila kubadilisha. Yadi yenyewe gari si lake, inauza kwa niaba ya mwenyewe aliye Mwanza, na dalali anasubiri chake pembeni. Katika hali hiyo gari limeshakuwa la mnunuzi au bado? Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema umiliki unahama pale wahusika walipokusudia uhame, na kwamba hatari hufuata umiliki isipokuwa wamekubaliana vingine. Walipokusudia! Na mara nyingi hawakukusudia lolote. Walipeana mikono wakanywa soda.

Hatari kufuata umiliki maana yake ni hii. Kama mlikubaliana kwamba tangu jana gari ni lako, na usiku huu likaungua likiwa bado yadi kwa muuzaji, limeungua la kwako. Kariakoo hatuhitaji kuhadithiwa moto. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko letu kuu liliungua mbele ya macho yetu, na asubuhi yake watu walijifunza kwa uchungu tofauti kati ya mali iliyokatiwa bima na mali iliyokuwa mahali fulani tu. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mnunuzi ni mstari mmoja katika hati ya mauziano: gari litakuwa mali ya mnunuzi, na hatari yake itakuwa juu yake, kuanzia saa fulani ya tarehe fulani. Saa, siyo tarehe peke yake. Bima inaanza kwa saa iliyoandikwa, wala hairudi nyuma kufunika ajali iliyotangulia.

Kuna watu wanaojiona wako salama kwa sababu tayari wana bima ya gari la zamani. Hawa ni wengi, kwani siku hizi yadi zinapokea gari kwa gari: unaacha la kwako, unaongeza hela, unaondoka na jingine. Mteja anahesabu hivi: bima yangu bado ina miezi saba, nimebadilisha gari tu, mimi ni yuleyule. Mwingereza mmoja, Rogerson, aliwahi kufanya hesabu hiyohiyo. Alibadilisha gari lake akachukua jipya bila kuiambia kampuni. Mkataba wake wa bima ulikuwa na kipengele kinachomruhusu kutumia gari jingine badala ya lile lililokatiwa. Alipata ajali na gari jipya, kampuni ikakataa, kesi ikapanda mpaka Baraza la Malodi, na mwaka 1931 Rogerson akashindwa. Waheshimiwa majaji walisema kipengele kile kilitegemea kwamba gari la awali bado ni lake. Gari la awali likiondoka mikononi mwake, kipengele hakina pa kusimama. Mwaka 1935, katika kesi ya Tattersall na Drysdale, mahakama ya huko ikasisitiza jambo la jirani na hilo: ukishaliuza gari lililotajwa katika bima, ile ruhusa ya kuendesha magari mengine imekwisha nalo.

Mtasema hizo ni kesi za Waingereza. Ndiyo, na hazizifungi mahakama zetu. Lakini sheria yetu imechotwa kisima kilekile, na mawakili wetu wanazisoma chuoni na kuzitaja mahakamani. Tena mikataba ya bima inayouzwa pale Samora ina vipengele vya ukoo mmoja na ule wa Rogerson. Ukibadilisha gari, piga simu kwanza. Kampuni nyingi zitahamisha bima yako kwenda gari jipya kwa utaratibu mdogo tu, ila huhamisha zikiombwa. Na yule anayenunua gari lililotumika hapahapa nchini asidanganyike na stika ya mwenye gari wa kwanza iliyobaki kiooni. Bima ni mapatano kati ya kampuni na mtu aliyeikata. Haiuzwi pamoja na matairi.

Kesi ya tatu, nayo ya miaka hiyohiyo, ndiyo ninayotaka wenye magari waikumbuke. Inaitwa Monk na Warbey. Warbey alikuwa na gari na bima yake safi kabisa, lakini bima ile haikuwafunika wengine wakiendesha. Akamwazima rafiki, rafiki akamwachia mtu mwingine, likamgonga Monk. Aliyegonga hakuwa na bima wala hela. Mahakama ikasema: Warbey, ulikatazwa na sheria kuruhusu gari litumiwe bila bima, ukaruhusu, Monk akakosa pa kulipwa, basi mlipe wewe. Hakuwa ndani ya gari. Alitoa ufunguo tu. Mwenye yadi anayempa mteja gari kabla hajamaliza kulipa, huku kadi na umiliki vikiwa bado kwake, nafasi yake haiko mbali na ya Warbey. Akitaka kuzuia gari kama dhamana ya deni, basi azuie na ufunguo.

Nije sasa kwa waagizaji, maana humu wamo. Mwagizaji ana imani moja nzito nayo ni CIF. Bei ya kampuni ya Japani inakuja imeandikwa CIF Dar es Salaam, yaani gharama ya gari, bima na nauli, na yeye anapumua: bima imo. Imo kweli, ila ni bima ya mzigo. Inalihesabu gari kama inavyohesabu katoni za vigae, kitu kinachobebwa. Mara gari linapowashwa na kuingia barabarani kwa magurudumu yake, karatasi ile haimhusu tena mchukuzi wa Gerezani aliyegongwa. Halafu jambo ambalo wengi hawalijui: katika mauziano ya CIF muuzaji ndiye anayelipia bima, lakini hatari ya gari huhamia kwa mnunuzi tangu likishapakiwa melini kule. Gari likikwaruzwa baharini, anayedai ni wewe, kwa bima iliyokatwa na mtu mwingine, katika kampuni ambayo huenda haina hata dirisha hapa mjini. Na bei ikiandikwa C&F, bima haimo kabisa, na nimeona watu wazima wakiapa kwamba imo. Sheria yetu inataka mizigo inayoingia nchini ikatiwe bima kwa kampuni za hapahapa. Naiunga mkono kwa sababu moja tu: ukidai, unajua mlango wa kubisha.

Likishafika, gari linaingia mikononi mwa mawakala, na hapa wajibu hupotea kwa adabu kubwa kabisa. Wakala wa forodha anashughulika na kodi na nyaraka za kulitoa. Wakala wa bima anaiwakilisha kampuni inayouza bima. Dalali wa bima, yule mwenye leseni, anamtafutia mteja kampuni na anamwakilisha mteja. Watu watatu, kazi tatu. Lakini mnunuzi ana namba moja tu kwenye simu, aliyoiandika "Wakala", na anachojua ni kwamba amemtumia hela ya kila kitu. Wakala wa forodha naye anafikiri dereva atapita kukata bima. Dereva anafikiri imeshakatwa, la sivyo gari lingetokaje? Benki kama imetoa mkopo inataka bima kubwa, ile inayolifunika na gari lenyewe, na jina lake liandikwe humo, na mnunuzi anaona hela ya bima imekatwa kwenye mkopo, basi anajua imeshaanza. Kukatwa hela na kuanza kwa bima ni mambo mawili. Kinachosema bima imeanza ni kava noti yenye tarehe na saa, pamoja na namba yake katika mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Kama hujaviona hivyo, wala hujatumiwa picha yake, huna bima, una stakabadhi.

Sababu nyingine inayotolewa kila mara ni kwamba gari halina namba bado, kwa hiyo bima haikatiki. Si kweli. Bima hukatwa hata kwa namba ya chesi, kisha namba ya usajili ikitoka huingizwa. Ambaye gari lake halina usajili hapaswi kuliingiza barabarani kwa sababu nyingine tena, ila asisingizie bima.

Wazee waliopo wanakumbuka enzi ambazo mambo haya hayakuhitaji mhadhara. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 likabaki peke yake sokoni. Ilikuwa dirisha moja na foleni moja, na karani aliyekujua mpaka jina la mkeo. Sisemi turudi huko. Foleni ile naikumbuka, na karani yule alijua kuchelewesha. Sheria ya mwaka 1996 ilifungua mlango kwa kampuni binafsi, na ile ya mwaka 2009 ikaunda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, kuzisimamia. Tulichopata ni uhuru wa kuchagua. Tulichopoteza ni yule mtu mmoja ambaye kila gari jipya lazima lipite mbele ya meza yake. Katikati hapo vishoka, yaani mawakala wasio rasmi, wakapata riziki. Stika ya bandia ilikuwa inauzwa kama karanga, imechapwa vizuri kuliko ya kweli.

Kwa bahati, kishoka amekutana na simu. Stika siku hizi zinasajiliwa kielektroniki, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuingia kwenye mfumo wa TIRA, akaandika namba ya gari au ya stika, akaona kampuni gani imetoa, ya aina gani, inaanza lini na inaisha lini. Trafiki anafanya hivyohivyo kando ya barabara kabla hajakuandikia faini ya shilingi 30,000. Tangu ada ya mwaka ya gari ilipofutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta, bima ndiyo imekuwa kitu cha kwanza kutazamwa kiooni.

Ada zenyewe? Bima ndogo ya gari dogo la binafsi ni shilingi 118,000, yaani laki moja na VAT yake ya asilimia 18. Hii inawalinda wengine dhidi yako, haitengenezi gari lako. Bima kubwa kwa kawaida ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari la binafsi. Gari la milioni 20 litakuwa laki saba, na VAT juu yake 126,000. Kanuni ya soko letu sasa ni kwamba bila ada kulipwa hakuna bima, kwa hiyo "nitamalizia Ijumaa" haifanyi kazi hapa.

Thamani ya kujaza katika fomu ni juu ya mnunuzi, na hapa sina huruma naye. Akiandika bei ya mnada wa Japani akaacha kodi zote alizolipa bandarini, anajipunja mwenyewe. Gari la milioni 20 alilolikatia bima ya milioni 10 likipata hasara ya milioni 4, kampuni ina haki ya kumlipa milioni 2, kwa sababu nusu nyingine ya gari alichagua kuibeba mwenyewe. Vilevile akisema ni la kutembelea, likafungwa namba za njano, na Jumatatu likaanza kubeba abiria wa Bolt, asishangae kampuni ikiuliza maswali. Fomu ikijazwa na kishoka, sahihi ni yako.

Sasa msimamo wangu. Naona wajibu wa kununua bima ubaki kwa mnunuzi, kwa sababu yeye ndiye anayejua gari litafanya kazi gani na ndiye atakayeumia likipotea. Lakini wajibu wa kuhakikisha bima ipo kabla gari halijatoka getini ungewekwa waziwazi juu ya anayetoa ufunguo: yadi, duka, au wakala anayelitoa bandarini. Asiuze bima, asichague kampuni, asitie mfukoni kamisheni. Afungue simu, aandike namba ya gari au ya chesi, aone, ndipo atoe. Mwenye yadi mmoja aliniambia kwamba huko ni kumfanya polisi. Nikamjibu kwamba tayari anahesabu noti za mteja mara mbili na kuzipitisha kwenye mashine ya taa ya zambarau, wala hajawahi kulalamika kufanywa Benki Kuu. Kuna wenye yadi, nawasifu, ambao wameshaingiza bima ndogo katika bei, na mteja anaondoka nayo kama anavyoondoka na jeki na tairi la akiba. Laki na kidogo katika gari la milioni 20 haimkimbizi mteja.

Nimesema magari mpaka hapa. Lakini tukiwa wakweli, chombo kipya kinachotoka dukani kwa wingi katika mitaa hii si gari. Ni pikipiki. Inakuja ndani ya fremu ya chuma na makaratasi, fundi anaifunga usukani na magurudumu palepale barazani, anatia oili, mnunuzi anapiga kiki, huyo, kaingia Uhuru. Sheria ya bima haikuitenga pikipiki. Ni chombo cha moto kama Toyota. Maduka makubwa husajili na kukata bima kwa pamoja, mteja anarudi baada ya siku chache kuchukua ikiwa na namba yake. Maduka mengine hukuachia uondoke nayo hivyohivyo, na yule kijana anaikuta ajali yake ya kwanza kabla hajapata namba. Akimgonga mama anayevuka kwenda kutibiwa hapa Mnazi Mmoja, mama atapewa PF3, atapelekwa Amana au MOI, mguu utafungwa vyuma, na bili itatafuta mwenyewe. Kijana hana kitu. Duka limeshafunga kitabu cha siku.

Kisha kuna zile za mkataba, na hizi ndizo ninazotaka mawakili vijana wazishughulikie kuliko magari yote ya yadi. Mwenye hela ananunua pikipiki, anampa kijana, kijana analeta hesabu kila siku mpaka muda uishe, pikipiki iwe yake. Katika mikataba hiyo, mingine imeandikwa kwenye karatasi ya daftari na kugongwa muhuri wa serikali ya mtaa, nimesoma kipengele hiki kwa maneno tofauti tofauti: bima na makosa yote ya barabarani ni juu ya dereva. Wenye pikipiki wanaamini kipengele hicho kimewavua. Hakikuwavua. Wawili wanaweza kukubaliana nani atoe hela ya bima, hayo ni mambo yao. Hawawezi kukubaliana kwamba sheria isimwone aliyeruhusu. Mpaka siku ya hesabu ya mwisho pikipiki ni ya mwenye hela, kadi ina jina lake, anaweza kuinyang'anya usiku wa manane kijana akichelewesha hesabu, na wanainyang'anya kweli. Mwenye uwezo wa kunyang'anya ana uwezo wa kuruhusu. Aliyegongwa ana haki ya kumfuata yeye, na kesi ya Warbey inamwonyesha njia.

Kwa kijana nasema hivi: bima ya mwaka uliopita ikiisha katikati ya mkataba, usingoje mwenye pikipiki akumbuke. Kata, hifadhi stakabadhi, mdai katika hesabu. Kwa mwenye pikipiki: itie ada ya bima katika hesabu ya kila siku tangu mwanzo, ni shilingi chache sana, uikate wewe mwenyewe kwa jina lako na umtaje dereva.

Naona saa. Kabla ya maswali, mwenye mkataba wake wa pikipiki mfukoni autoe, tuusome pamoja hapa mbele. Jina tutaliacha.